Tamko la Vita Kwenye Jedwali la Maji

Dukani kwetu Kibiti, kati ya misumari na mabomba ya plastiki, nina meza moja yenye kompyuta. Mama yangu, anayeliendesha duka tangu baba afariki, huiita meza hiyo "pale pa kuzubaa". Hapo ndipo nilipoandikia programu ya maji. Ukiifungua kwenye simu unaona jedwali: leo maji yanajaa saa ngapi na yanakupwa saa ngapi katika mikondo ya delta. Ni programu huria, yaani haiuzwi, na mtu yeyote duniani anaweza kuisoma ilivyoandikwa na kuirekebisha.

Watu wa delta waliicheka. Mtu aliyezaliwa Salale huutazama mwezi tu akakwambia maji yako wapi. Lakini muuguzi wa zahanati ya Salale, mwanamke wa kijiji cha Mkongo aliyepangiwa kazi huko kwenye mikoko, aliipokea kwa mikono miwili. Yeye alikulia shambani, mbali na bahari, na mwezi hajui kuusoma. Mjamzito akizidiwa ni lazima avushwe kwa boti, na mkondo ule maji yakipwa hubaki tope tupu kwa saa nyingi. Kukosea saa ni kumlaza mgonjwa topeni. Alikuwa akinipigia simu kunishukuru, nami nikijifanya naona haya.

Kisha vita vikazuka nchi za mbali, na sisi waandishi wa programu tukagundua kwamba dunia nzima inasubiri neno letu. Matamko yakamiminika. Programu ya kupunguza ukubwa wa picha ililaani. Programu ya kupanga majina kwa alfabeti ilisimama na wanyonge. Mimi na jedwali langu la maji tungebakije nyuma?

Nilikuwa na wasaidizi wawili, ambao sijawahi kuwaona kwa macho. Mmoja anaishi nchi yenye amani na barafu, na yeye ndiye aliyeandika kwamba kunyamaza ni kuunga mkono uonevu. Nilimkubali hadi nikasahau kula. Wa pili aliishi katika mji uliokuwa ukipigwa mabomu kwelikweli. Huyo aliuliza jambo moja tu: je, lile kosa dogo la hesabu ya mwezi alilonitumia masahihisho yake nimeshalirekebisha? Nikamjibu avute subira, tunashughulika na vita vyake.

Tamko lilinichukua siku mbili. Maneno "tunalaani vikali" yalitokea mara nne, na kila moja nililipenda. Nililiweka kwenye rangi nyeusi, likafunika kioo chote, na ili uyaone maji ilikubidi kwanza ubonyeze "Nimesoma, naungana nanyi". Ubonyezaji huo ulihitaji mtandao, maana nilitaka kujua tuko wangapi. Hapa Kibiti, barabarani, mtandao si tatizo. Salale unaupata ukisimama ngazini mwa msikiti, siku ukipenda wenyewe. Hilo nilikuwa nalijua vizuri sana, na sikulikumbuka.

Asubuhi ya tatu, uchungu wa mama mmoja ulikwama pale zahanati. Mwenye boti alikuwa msibani pamoja na karibu wote wanaoyajua maji, na boti kamwachia shemeji yake, mtu wa Ngarambe anayejua njia za tembo kuliko njia za maji. Muuguzi akafungua simu kutazama saa, akakutana na hasira zangu. Akabonyeza. Akabonyeza tena. Mwisho akakisia, wakaondoka. Maji yakawakimbia katikati ya mkondo, boti ikakaa topeni hadi alasiri. Mtoto alizaliwa humo humo, muuguzi akiwa amepiga magoti kwenye maji machafu, shemeji ameshika khanga kuwakinga jua huku uso kageuzia mikokoni. Yule mzazi alivuja damu nyingi. Wote wawili walipona, namshukuru Mungu, ingawa midomo yangu haistahili.

Siku chache baadaye muuguzi alikuja dukani mwenyewe. Mama akampa kigoda na chai. Nilikuwa nimejiandaa: nikazungumza juu ya dhamira, juu ya wajibu wa wenye ujuzi, nikazungumza sana. Akanisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Mwanangu," akasema, "kule delta watu wakipishana mkondoni hupeana kwanza habari za maji, salamu baadaye. Hata aliyefiwa. Atakwambia mbele kumekupwa, ndipo akwambie mamaake kafa. Mie nilipofika nilidhani hawana adabu."

Nikamwambia kwamba watu wanakufa vitani, na mtu muungwana hawezi kunyamaza. Hata leo naamini hivyo. Akanywa chai kidogo.

"Na miaka ile tuliyokuwa tukizikana hapa Kibiti, programu yako ilikuwepo?"

Ilikuwepo.

"Ilisema nini?"

Mama aliinua kichwa kwenye misumari aliyokuwa akipima. Yeye anaikumbuka miaka hiyo ya mauaji, tulipokuwa tukifunga duka kabla ya magharibi na kuzungumza kwa minong'ono. Wakati ule yule msaidizi wa nchi ya barafu alisikia habari zetu, akaniuliza kama tuweke neno lolote juu ya kwetu. Nilimjibu kabla chai haijapoa: programu haina siasa, inaonyesha maji tu. Hapo hakuna aliyenisikia nikilaani, wala vikali wala polepole.

"Ilionyesha maji," nikamwambia muuguzi.

"Basi miaka ile wewe ulikuwa mwoga," akasema, "lakini wagonjwa wangu walivuka."

Alipoondoka nililishusha tamko chini kabisa ya jedwali, bila kitufe, alisome anayetaka. Kisha nikalirekebisha lile kosa la mwezi, kazi ya robo saa, nikamwandikia yule rafiki wa mji wa mabomu kwamba hesabu yake imeingia na maji sasa yako sawa. Hajajibu hadi leo.