Rangi ya Jumapili

Katika shule yetu ya misheni, Changamwe, imani ya mtoto ilipimwa Jumatatu asubuhi kwa swali moja. Mwalimu mkuu alisimama mbele ya mistari yetu, fimbo kwapani, akauliza mmoja mmoja: "Jana Padri alivaa rangi gani?" Aliyekwenda Misa alijua. Asiyejua alichapwa, na jina lake likatiwa alama.

Kwa kweli sote tulijua. Rangi ilisafiri upesi kuliko gari la moshi. Jumapili haijafika adhuhuri, ilikwisha teremka hadi Kipevu, ua kwa ua, kisima kwa kisima. "Kijani, shoga!" "Ahsante, shoga!" Kwaresima ilipoingia hata kuulizana hatukuulizana, maana Kwaresima Padri huvaa zambarau wiki baada ya wiki. Ndiyo maana kila Kwaresima shule yetu ilijaa watakatifu, na kanisa likawa na nafasi ya mtu kulala.

Mimi uongo haukunikaa usoni. Nilikuwa na alama mbili, zote za Jumapili ambazo mama alinichukua kupalilia mihogo. Alama ya tatu ingenifuta kwenye orodha ya Komunyo ya kwanza, siku ya Pasaka. Na gauni lilikwisha shonwa. Vita vilikuwa vimekwisha, lakini nguo zilikuwa hazijarudi madukani, basi mama aliomba magunia mawili ya kitambaa kwa jirani yetu Mwislamu aliyekuwa akipika mahamri. Aliyafua kwa majivu na ndimu wiki nzima. Yakawa meupe kama mawingu, ila maandishi ya buluu ya kiwanda cha unga yalikataa kutoka. Mama akayapanga yaangukie mgongoni.

"Yesu atakuona kwa mbele," akaniambia.

Kazi yangu shuleni ilikuwa Habari za Wiki. Kwa kuwa mwandiko wangu ulikuwa mzuri, kila Alhamisi mwalimu mkuu alinisomea habari nami nikaziandika kwa chaki kwenye ubao wa barazani. Ijumaa, Padri akija kufundisha dini, nilizisoma kwa sauti mbele ya shule nzima. Habari zetu zilikuwa njema daima. Mlango wa choo ulipoanguka, tuliandika kwamba choo sasa kinapata hewa. Nusu ya darasa la pili walipolala kwa surua, tuliandika kwamba darasa la pili limekuwa na utulivu wa kupigiwa mfano.

Jumapili ya nne ya Kwaresima sikutaka mchezo na alama ya tatu. Niliamka kabla ya jogoo, nikaketi benchi la mbele. Padri alipotoka nikasahau kupiga magoti. Hakuvaa zambarau. Alivaa waridi, waridi changa kama ndani ya kombe la baharini, na uzi wa dhahabu pembeni.

"Salaala!" akasema bibi mmoja nyuma yangu. "Padri anaoa?"

Padri akatueleza kwamba Jumapili hiyo Kanisa hujiruhusu furaha kidogo katikati ya mfungo, na vazi lake ni hilo. Sisi hatukuwahi kuliona kwa sababu parokia ilikuwa maskini. Hili lilikuwa limefika wiki ile kwa meli. Mama yake alilishona kwa mkono.

Jumatatu mwalimu mkuu alichelewa. Nyuma ya baiskeli yake kulikuwa na madafu yamefungwa kwa kamba, mabichi bado, ya shamba lake la Utange, kule ng'ambo ya kisiwa. Shule nzima iliyaona madafu. Hakuna aliyeuliza yeye mwenyewe alikuwa wapi Jumapili.

"Rangi gani?"

"Zambarau, mwalimu."

"Vizuri. Na wewe?"

"Zambarau, mwalimu."

Akafika kwangu, akaniita.

"Abee, mwalimu. Waridi."

"Nini?"

"Waridi, mwalimu. Na dhahabu pembeni."

"Na dhahabu!" Akawageukia wengine. "Jamani, Padri wetu amekuwa bi arusi?"

Shule ikacheka hadi mistari ikapinda. Tuliokwenda Misa tulikuwa saba. Sita tulichapwa viganjani, viboko viwili vya kukosa Misa na viwili vya kusema uongo. Wa saba, baada ya kuona yaliyotupata, alisema zambarau akasifiwa. Jina langu likafutwa.

Nyumbani mama alilitazama gauni kwenye msumari, kisha akanitazama mimi.

"Ulikwenda kweli?"

"Nilikwenda, mama."

"Basi mwambie Padri."

"Hatuna ruhusa kusema na Padri. Mimi nina ruhusa ya kumsomea tu."

"Haya," akasema mama. "Msomee."

Alhamisi mwalimu mkuu akaanza: "Andika. Shule yetu inapambana na uongo. Watoto sita walidanganya kuhusu Misa ya Jumapili, nao wamerudishwa kwenye njia njema." Nikaandika. Akaenda kunywa chai. Chini ya ubao palibaki nafasi ya upana wa kiganja, na kiganja changu kilikuwa bado kinawaka. Nikaongeza, kwa mwandiko uleule mzuri: Walisema Padri alivaa waridi.

Ijumaa nilisoma. Nilipofika mstari wa mwisho niliusoma kwa sauti ileile. Padri akanyanyua kichwa.

"Sita walisema waridi," akasema polepole. "Na wengine mlisema nini?"

Shule ilikuwa imefunzwa vizuri. Ikaitika kwa sauti moja: "Zambarau, Padri!"

Padri akamgeukia mwalimu mkuu. "Mama yangu ameshona miezi minane," akasema. "Jicho lake moja halioni."

Kipaji ni kipaji, lazima nikiri. Mwalimu mkuu hakupepesa.

"Ndiyo, Padri. Nilikuwa nawajaribu. Nilitaka kujua nani atashika ukweli hata akichapwa. Hawa sita wameshinda."

Akatushika mkono mmoja mmoja, viganja vilevile alivyovichapa. Padri alimtazama. Labda aliamini. Labda alikumbuka ugumu wa kupata mwalimu mkuu mwingine. "Vizuri," akasema, na jina langu likarudi kwenye orodha.

Wiki iliyofuata chaki alipewa yule wa saba. Mwandiko wake ulikuwa kama nyayo za kuku, lakini habari zake zilikuwa njema.

Tangu siku hiyo mwalimu mkuu hakukosa Misa. Aliketi mbele, akamkazia macho Padri tangu anatoka hadi anaingia. Siku ya Pasaka, nilipokwenda altareni na gauni langu, alikuwa nyuma yangu kwenye mstari. Mstari ulikwenda taratibu, naye hakuwa na pengine pa kutazama ila mgongo wangu, ulioandikwa kwa herufi za buluu: unga safi, daraja la kwanza.