Alama ya kisigino kwenye katambuga ilivyomweka ndani mshikaji wangu

Wakuu salama humu? Hii sijasimuliwa na mtu, nilikuwepo, na sehemu ya ujinga ni yangu mwenyewe.

Niko Katavi, upande wa Mishamo. Nina mshikaji anaitwa Elia, tumekua pamoja, tumelima pamoja. Ukimgusa Elia umenigusa mimi.

Asubuhi moja jirani yake mwenye duka akakuta sola yake haipo juu ya bati. Chini ya ukuta, kwenye tope, kuna nyayo za katambuga, zile ndala za tairi. Kisigino kina alama kama kikovu.

Polisi wakapiga picha kwa simu, wakaanza kukagua viatu vya majirani. Cha Elia kina kikovu kilekile. Match. Akabebwa.

Nikapanda boda mpaka kituoni, damu inachemka.

"Afande, huyu siku hiyo alilala kwangu."

"Una uhakika, kijana?"

"Asilimia mia. Andika."

Akaandika. Nikasaini bila hata kusoma.

Wakuu, ule ulikuwa uongo. Elia alilala kwake, na alishawaambia hivyo.

Afande akafunga faili taratibu. "Mwanzo nilikuwa na kiatu tu. Sasa nina watu wawili wasemao tofauti."

Nikarudi home mdogo kama kidonge cha piritoni.

Ila ile alama ikawa inaniwasha kichwani. Mimi niliishia la saba, mengine najisomea kwenye simu. Nikajiuliza, Elia katambuga kanunua wiki hiyohiyo, kikovu kakipata wapi?

Nikakanyaga tope na zangu. Kikovu hiki hapa.

Nikamwita dada. Anacho. Mwalimu wa kwaya naye anacho. (Alidhani nimechanganyikiwa, namwambia mtu mzima akanyage tope.)

Wote tunanunua kwa fundi mmoja sokoni. Nikamfuata.

"Baba, hebu nione unavyotengeneza."

Akaweka kipande cha tairi juu ya chuma chake chenye ncha, akakandamiza kisigino ili kisiteleze, ndo akaanza kukata. Ncha ikazama kwenye mpira.

"Hiyo alama?" akasema. "Zote zinayo. Nilidhani watu mnaona."

Kumbe kile kikovu ni cha fundi, siyo cha anayevaa.

Kesho yake nikaenda kituoni na fundi, jozi sita kwenye kiroba. Kwanza nikaomba kufuta uongo wangu.

"Unajua kudanganya polisi ni kosa?"

"Sasa hivi najua, afande."

Akanisema mpaka nikaloa jasho. Halafu akatoka nje, akakanyagisha zile jozi moja moja kwenye tope, akachuchumaa kuangalia. Muda mrefu kweli.

"Kwa hiyo nikamate soko zima," akasema, kama anajiuliza mwenyewe.

Jioni Elia akaachiwa. Nikajua atanikumbatia.

"Kaka," akaniambia, "siku ya kwanza nililala ndani kwa ajili ya kiatu. Ya pili ilikuwa kwa ajili ya mdomo wako."

Akasogea kwenye benchi la pale kituoni, akanipa nafasi nikae.

Nilichojifunza: kwa polisi sema unachokijua, usichokijua nyamaza, na soma kabla hujasaini. Hata kama unampenda mtu vipi.

Sola mpaka leo haijaonekana. Wajuzi wa sheria humu, hivi unyayo peke yake unaweza kumfunga mtu? Na wewe, kabla hujanijibu, geuza kiatu chako uangalie chini. Hizo alama una uhakika ni zako?