Jino Lisilo na Kosa

Mke wangu alinionya kwamba sifa zitaniua. Nikamjibu kwamba mtu hafi kwa sifa akiwa kwenye kazi ya Bwana. Wakati huo nilikuwa nimekwisha kuaga kanisani mara mbili. Jumapili ya kwanza mchungaji alinisimamisha na waumini wakanipigia makofi. Ya pili nilisimama mwenyewe, eti kuna ambao hawakuwapo. Miaka ishirini na mmoja nimeng'oa meno katika vyumba viwili juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na hakuna aliyewahi kunipigia makofi. Sasa nilikuwa navuka bahari kwenda kujitolea wiki mbili kwenye zahanati ya kanisa, na mama mkwe alikuwa amewajulisha hata wasiouliza.

Zahanati yenyewe ilikuwa chumba kimoja nyuma ya kanisa, chenye madirisha mawili, kiti cha kinyozi kilichoongezewa mto wa kichwa, na mama mmoja mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa plasta. Wenyeji walimwita Mama Koleo. Miezi yote isiyokuwa na daktari, yeye ndiye aliyechemsha vifaa, akapanga foleni, akang'oa yale meno yaliyoshindwa kungoja. Mimi nikamfundisha jinsi ya kushika taa. Alinisikiliza kwa adabu, kama mtu anayeelekezwa njia ya kwenda kwao.

Siku ya nne akaja fundi cherehani, mwanamke wa makamo aliyeshika shavu. Gego lake la chini lilikuwa limeoza hadi mzizini, halina la kuokoa. Nikampiga sindano ya ganzi, nikasubiri ikolee. Hapo katibu wa kanisa akaingia na kamera, akasema wafadhili wanataka picha. Mtu mwenye akili angemwambia angoje. Mimi nikauliza mwanga unatoka wapi. Kiti kikazungushwa, nikahama upande niliouzoea, nikashusha barakoa ili sura ionekane, nikapeleka koleo kinywani mwa mtu huku nikimtabasamia katibu. Fundi akaguna kitu. Nikamwambia atulie, tunamaliza sasa hivi. Jino likatoka. Waliokuwa mlangoni wakapiga makofi, nami, Mungu anisamehe, nikainamisha kichwa kidogo.

Mama Koleo alilipokea jino kwenye bakuli, akalitazama, kisha akanitazama mimi. Lilikuwa jeupe, mzizi umenyooka, zima kabisa. Nilikuwa nimeng'oa lililo mbele ya gego. Bovu lilikuwa bado limekaa mlemle, limetulizwa na ganzi.

Fundi alinishukuru kwa mikono, maana kinywa kilijaa pamba, akaenda kukaa kwenye benchi la nje kungoja damu ikate. Mama Koleo alichukua maziwa baridi yaliyokuwa ya chai yangu, akayamimina kikombeni, akalitumbukiza jino humo. Jino zima likitunzwa hivyo na kurudishwa upesi, laweza kushika tena. Nusu saa ni bahati. Saa nzima ni ndoto. Hayo nami nilifundishwa chuoni. Lakini huwezi kulirudisha jino la mtu bila kumwambia kwamba ulilitoa kimakosa.

Nikaenda kunawa mikono. Nilinawa vizuri sana. Nikajiambia kwamba hatajua. Maumivu yakirudi atadhani ni kidonda, na yakizidi mimi nitakuwa nimekwisha panda ndege. Nikajiambia pia kwamba aibu hii italichafua jina la kanisa, kwa jinsi nilivyolihurumia kanisa ghafla. Dakika saba zilikwenda hivyo. Kosa lenyewe naweza kulisimulia. Zile dakika saba ndizo zinazonitia haya mpaka leo.

"Daktari," Mama Koleo akasema, "mikono imetakata. Jino linangoja."

Nikatoka, nikapiga magoti mbele ya benchi, foleni nzima ikisikia. Nikamweleza fundi kwamba nimemng'oa jino lisilo na kosa kwa sababu nilikuwa napigwa picha, kwamba lile bovu bado limo, na kwamba namwomba aniruhusu nijaribu kulirudisha lile zima. Alinikazia macho. Kisha akatoa pamba kinywani.

"Mimi nikiharibu kitambaa cha mteja," alisema kwa ulimi mzito, "humwambia amenenepa." Akainuka. "Bovu alitoe huyu mama. Wewe rudisha langu."

Mama Koleo aling'oa gego kabla sijaiweka taa sawa. Nami nikalirudisha jino mahali pake, nikalifunga kwa waya mwembamba kwenye wenzake wa mbele. Fundi akauliza kama litashika. Nikamwambia sijui.

Kwetu, kanisani waliniomba ushuhuda. Nikawapa wote, pamoja na zile dakika saba. Mama mkwe akahamia viti vya nyuma.

Mwezi wa tatu tangu nirudi, mgonjwa akiwa kitini kinywa wazi, simu ikaita. Ilikuwa namba ya Mama Koleo, lakini sauti ilikuwa ya fundi. "Daktari, sikiliza," akasema. Nikasikia cherehani ikinguruma, ikanyamaza, kisha kitu kidogo kikakatika.

"Ni uzi," akasema. "Nimeukata kwa lile ulilolirudisha."

Nikamwomba mgonjwa wangu anisubiri kidogo, nikageukia dirishani, nikalia.