Moli ya Dada Koku

Senene walipoanza kutoa mafuta yao kwenye sufuria, nyumba yetu ya Kagoma ilijaa harufu iliyowatoa hata majirani migombani. Zilikuwa mvua za mwisho wa mwaka, na dada yangu Koku alikuwa amerudi likizo kutoka sekondari huko Bukoba. Mimi nilikuwa bado shule ya msingi. Asubuhi tulikaa barazani, ungo katikati, tukinyonyoa mabawa na miguu ya senene huku vidole vikinata. Siku moja nilimsikia akimwambia mama kwamba pale nyumbani hana mtu wa kuzungumza naye masomo. Hakusema kwa ubaya, lakini iliniuma. Nilitaka niwe mtu huyo kabla hajaondoka. Kwa kuwa alikuwa akijisomea mambo ya moli kila jioni, nikajikaza nikamuuliza moli ni nini.

"Ni kipimo cha kemia," alisema.

Kwetu kipimo kilikuwa kopo. Nikauliza kwa sauti ndogo kama moli moja ya senene inajaza kopo au ndoo. Koku alicheka mpaka akapaliwa. "Kemi wee! Moli siyo chombo, ni idadi."

"Kama hailiwi, nyonyoeni upesi," mama alidakia kutoka jikoni. "Sufuria inawasubiri."

Koku hakuchoka nami. Kila senene mmoja alimwekea bawa moja, mpaka akapata mafungu mawili. La senene akaniwekea kiganja cha kushoto, la mabawa cha kulia. Mkono wa kushoto ulijaa, wa kulia ulikuwa kama hauna kitu. "Idadi ni ile ile, uzito mbalimbali," alisema. Akaeleza kwamba kila kitu, hata maji, kimejengwa na chembe ndogo zisizohesabika kwa macho wala vidole. Wanakemia wamechagua idadi moja kubwa mno, wakaiita moli. Hawazihesabu, wanapima uzito, na uzito unawaambia idadi. "Ukinywa funda dogo la maji, umemeza kama moli moja. Umeelewa?"

Nilisema bado. Akarudia. Siku nyingine akarudia tena. Asubuhi ya kuondoka kwake, tukingoja basi barabarani, nilimuuliza: kama chembe hazionekani, nani alijua ziko ngapi katika moli? Koku aliniangalia kama mtu aliyekutana nami njiani kwa mara ya kwanza. "Hilo sijui. Nitamuuliza mwalimu, halafu tutalizungumza."

Hatukulizungumza. Likizo zilizofuata alibaki mjini kwa masomo ya ziada, nami nikaishia darasa la saba. Sasa nimepanga chumba Kashai, hapo Bukoba, naye anafanya kazi maabara, Mwanza. Jibu ningeweza kulitafuta kwenye simu kwa muda mfupi tu. Sijalitafuta. Akipiga, sauti yake ni ile ile, ila ana haraka. Ananiuliza kama nimekula. Haniulizi tena kama nimeelewa. Nami namjibu, nimekula, dada.