Gurudumu Lililotangulia kwa Wakwe

Wasomaji wenzangu, kabla ya yote mniwie radhi kwa mwandiko huu unaopanda na kushuka kama barabara ya kwetu, na mkiona neno limekosa herufi mlirudishie wenyewe, maana mimi shule niliachia darasa la nane na nikiandika ukurasa mmoja chai yangu inapoa mara mbili. Kisa chenyewe hata kwa mdomo ningekwama, kwa sababu mimi ni mtu wa haya (mama husema nilizaliwa nimejifunika uso), na aibu iliyonipata Mikinduri ilitokana na haya hizo hizo. Afadhali karatasi, haikukodolei macho.

Kaka yangu Njeru alikuwa amepata mchumba huko Mikinduri, mbele ya Meru, jina lake Kathure, na sisi ni watu wa Manyatta, Embu, kwa hivyo kwenda kwao kuongea mambo ya mahari ni safari ya kuamkia. Tena baba ya msichana, Mzee M'Ikiara, hakuwa ametukubali. Alimwambia Njeru wazi: "Watu wa Embu siwajui. Waje niwaone kama ni watu wa kujipanga. Nikiwapenda tutaongea, nisipowapenda mtakunywa chai na kurudi." Basi kaka yangu akawa hali wala halali, hata asubuhi moja alimkamua ng'ombe akasahau kuweka ndoo.

Pikapu ilikuwa ya baba mdogo Ireri, na kwa ajili ya siku hiyo alileta rimu mpya zilizopakwa rangi ya fedha, zikang'aa mpaka kuku walikuwa wanajitazama ndani. Akasema wakwe wasije wakatuona kama watu waliotoka kuchoma makaa. Kazi ya kuzifunga akanipa mimi.

"Nyaga, wewe huna maneno mengi, na nati hazitaki mtu wa maneno," akaniambia. "Anza na vidole, nati zote ziingie kwanza. Ukikaza usizunguke kama saa, ruka ng'ambo, ukimaliza hii fuata ya upande ule, ndiyo rimu ikae sawa. Gari likiwa juu ya jeki usitumie nguvu zote. Lishushe chini, halafu kaza kabisa. Na kwa vile rimu ni mpya na rangi bado haijalala, tukifika Runyenjes nigongee nisimame, ukaze tena. Umesikia?"

"Ndiyo, baba mdogo."

Nilisikia, na yote ya nyumbani niliyafanya vile alivyosema, mpaka nikajipongeza kimoyomoyo. Kama mambo yangeishia Manyatta, leo ningekuwa naandika kuhusu kitu kingine.

Asubuhi tukaondoka. Mbele alikaa baba mdogo na msemaji wetu, Mzee Njagi, mtu wa kofia na methali, pamoja na Njeru aliyebanwa katikati na tai yake. Nyuma, chini ya turubai, nikawekwa mimi na kina mama wote wa ukoo, kreti za soda, ndizi, unga, sukari, na Cucu Marigu, mama yake baba. Spana ya msalaba nilikuwa nimeisukuma chini ya gunia la kukalia, na ni pale juu ya ile spana Cucu alipoamua kukaa, akatandaza sketi yake pana na kuzungusha viondo, vile vikapu vyake, pande zote kama mtu aliyejenga boma.

Tulipokaribia Runyenjes nikainua mkono nigonge bati la kebini. Kina mama walikuwa wanafanya mazoezi ya nyimbo za kuombea mlango (kwa wakwe mnafungiwa lango, mnaimba, wao wanawajibu kwa wimbo, mkiimba vizuri ndipo mnafunguliwa). Mkono wangu ulipopanda, nyimbo zikakatika. Wote wakanitazama.

"Unataka nini, Nyaga?" akauliza Cucu.

Mkono ulikuwa hewani. Ningesema nini, kwamba nasimamisha gari zima, wazee na kina mama, ili nimwambie Cucu ainuke nipapase chini ya sketi yake? Nikaushusha ule mkono polepole nikajikuna kichwa.

"Hakuna kitu, Cucu. Chawa tu."

(Chawa! Kati ya maneno yote ya Kiswahili, hilo ndilo lililonijia. Shangazi aliyekuwa kando yangu akasogea.)

Chuka tukasimama kwa chai, nikashukuru Mungu, lakini Cucu hakushuka. Alikuwa amelala palepale juu ya spana, mdomo wazi. Baba mdogo akaja na mandazi mkononi akaniuliza, "Magurudumu umeyaangalia?"

Nikayaangalia. Yalikuwa manne, yanang'aa.

"Nimeyaangalia," nikasema.

Tulipopita Meru mjini na kushika njia ya Mikinduri, nikaanza kusikia kok, kok, kok, upande wangu wa nyuma. Kina mama sasa walikuwa wameshika nyimbo kwa miguu, wanakanyaga sakafu ya pikapu, nikajiambia ni viatu vyao. Wakanyamaza kidogo wanywe maji. Kok, kok, kok. Nikajiambia ni kreti za soda. Mtu mwenye haya akitafuta sababu ya kunyamaza haikosi.

Boma la Mzee M'Ikiara liko chini ya kilima, njia ni ya mteremko, na kwa bahati baba mdogo alikuwa anaenda mwendo wa kobe ili tuonekane watu wa heshima. Chini tukaona wanawake wa kwao wamejipanga langoni na leso zimefungwa kutoka nguzo hadi nguzo, wanaimba, wanatuuliza sisi ni akina nani na tumefuata nini. Mama zangu wakavuta pumzi wajibu.

Kabla hawajajibu, pikapu ikapiga magoti upande wa kushoto, ndizi zikanimwagikia, na nikaliona kwa macho yangu gurudumu la nyuma likitupita. Halikuwa na haraka. Lilishika katikati ya barabara kama linalojua linakoenda, rangi yake ya fedha inameremeta, likateremka mpaka langoni. Wale wanawake wakapiga nduru na kukimbia huku na huku, leso zikakatika, gurudumu likaingia bomani, likamfukuza mbuzi kuzunguka tangi la maji, likapenya katikati ya viti vya wazee na kulala juu ya majani ya migomba yaliyotandikwa kwa ajili ya nyama.

Hakuna aliyeumia. Mzee Njagi alikuwa amejifunza methali za safari nzima na hakuna hata moja iliyotoka. Njeru alikuwa amesimama kando ya pikapu iliyolala, ameshika tai yake kama kamba ya kujitundika.

Mzee M'Ikiara akatoka na fimbo yake, taratibu. Akatazama gari. Akatazama kina mama wanaoshuka wakijifuta vumbi. Akamwambia baba mdogo, "Hawa ni mama zenu, na hivi ndivyo mnavyowabeba. Binti yangu mtambebaje?"

Baba mdogo akafungua mdomo, na nikajua atabeba lawama zote, na Njeru atarudi nyumbani na chai tumboni tu. Sijui ni nani aliyenisukuma mbele. Miguu ilikuwa yangu.

"Ni mimi, mzee," nikasema. "Baba mdogo aliniambia nimsimamishe Runyenjes nikaze tena. Sikusema."

"Kwa nini hukusema?"

"Niliona haya."

"Ulimwonea nani haya?"

"Kina mama. Halafu spana... spana Cucu ameikalia."

Cucu Marigu akageuka. "Mimi? Kumbe hicho ndicho kilichonichoma tangu Manyatta! Nami nikadhani ni uzee!"

Kutoka langoni kikaja kicheko chembamba, cha bibi mmoja mfupi mwenye kitambaa cheupe. Alikuwa mama yake Mzee M'Ikiara, na alicheka mpaka akashikilia nguzo. Alipopata pumzi akasema kwa Kiswahili, ili sote tusikie, "Mwanangu, waache. Gurudumu limeingia kwetu bila kuimba. Hiyo ni makosa. Basi halitoki bila wimbo. Na aimbe yeye aliyelifunga. Peke yake."

Wasomaji, mimi kanisani huwa nafungua mdomo bila sauti. Siku hiyo nyimbo zote zilinitoka kichwani, ukabaki mmoja tu, wa darasa la pili, wa kunawa mikono kabla ya kula, tena una ishara. Nikauimba. Nikasugua viganja, nikasugua kucha, nikajimwagia maji ambayo hayapo, sauti inatetemeka kama ya mwana-mbuzi. Nilipofika kwenye kujipangusa nikasikia Cucu ameingia nyuma yangu, halafu kina mama zangu, halafu na wale wa langoni, wote wananawa hewani. Nilipoinua macho, Mzee M'Ikiara alikuwa amefunika uso kwa kofia na mabega yake yanaruka.

"Leteni jeki," akasema alipofunua uso. "Na wewe wa haya, ulifunge hapa nikikuona."

Nati zilikuwa zimeanguka njiani, kwa hivyo nikatoa moja moja kwa yale magurudumu matatu yaliyobaki, nikaanza kwa vidole, nikaruka ng'ambo, nikashusha gari, nikakaza kabisa. Wazee wa pande zote mbili waliinama kutazama, kila mmoja ana ushauri, na walipoinuka walikuwa wanaongea kama watu wa kanisa moja. Mukimo tulikula, na mazungumzo yakaenda vizuri kuliko hata Njeru alivyoota.

Tukirudi, hata kabla hatujafika Meru mjini, niligonga lile bati mpaka baba mdogo akadhani tumegongwa. "Cucu, inuka!" nikasema, na Cucu akainuka.

Sasa Njeru na Kathure wana mtoto. Mpiga picha aliyekodiwa siku ile alininasa katikati ya wimbo, mikono juu, gurudumu miguuni, na picha hiyo wakwe wameitundika sebuleni. Kila nikienda, yule bibi hanipi chai kabla sijanawa hewani. Nimeapa: gari likilia kok, nitagonga, hata kama ndani amekaa askofu.

Kama nawe haya zimewahi kukuponza, niandikie japo mistari michache. Usijali mwandiko, wangu umeshauona. Na jibu langu likichelewa usinune, ninaandika polepole, lakini siku hizi sinyamazi.