Mzigo wa Nne wa Orval

Saa mbili usiku nilizima jiko, na robo saa baadaye nikaliwasha tena, kwa sababu mtu anayerudi kutoka mlimani mwezi wa Oktoba hataki chakula baridi. Sufuriani kulikuwa na maharage na vipande vya mwisho vya nyama ya mwaka jana, ya wapiti, yule kulungu mkubwa wa milima yetu. Ndara za Orval, mume wangu, zilikuwa chini ya kiti chake, zimeelekea mlango. Mimi ndiye huzielekeza hivyo.

Tulikuwa na miaka thelathini na miwili ya ndoa, na kila msimu wa kuwinda nilikaa dirisha lile lile la jikoni nikihesabu taa za magari yanayoshuka kutoka msituni. Taa za pikapu yetu nilizijua. Ya kushoto iliangalia juu kidogo, kama jicho lenye makengeza. Usiku ule yalipita magari matano, na hakuna lililokuwa na makengeza.

Alikuwa amenipigia simu saa tisa alasiri, kutoka kwenye mgongo wa kilima ambako ndiko pekee mtandao unashika.

"Nimeangusha," alisema, akihema. "Wapiti jike, mnene kama ng'ombe wa maonyesho. Nyama ya majira yote ya baridi hii."

"Umeangusha wapi?"

"Ng'ambo ya kijito, juu ya tindiga."

"Orval, huko mbali. Na moyo je?"

"Ninao hapa mkononi, bado wa moto. Utatukaangia na vitunguu."

"Nauliza moyo wako wewe, si wa mnyama!"

"Wangu unapiga, mama. Ungekuwa haupigi ningekwambia."

Daktari alikuwa amemkataza kubeba kitu chochote kinachozidi ndoo ya maji. Nilimkumbusha. Nikasikia upepo tu.

"Mpigie Wade," nikasema. Wade ni mtoto wetu, wa pekee.

"Wade ana shughuli zake."

"Basi chukua pikipiki, ikusaidie hata hiyo nusu ya njia."

"Saa ngapi hapo kwenu?"

"Saa tisa na dakika kumi."

"Si unaona," akasema, na mtandao ukamkata.

Nilielewa. Mtu yeyote wa kwetu angeelewa. Msitu ule ni wa umma, na magurudumu hayaruhusiwi kutoka nje ya barabara. Ukishaua wapiti, unaruhusiwa kumfuata na pikipiki ya magurudumu manne, lakini kwa masharti. Uingie kuanzia saa nne asubuhi, uwe umetoka saa nane mchana, maana alfajiri na jioni kuna wengine wanaowinda kwa miguu na muungurumo unawafukuzia wanyama. Usizidi nusu maili kutoka kwenye geti la msitu, barabara inapoishia. Uende na kurudi kwa alama zako zile zile za matairi. Na kijito usikivuke kabisa. Zaidi ya hapo ni mgongo wako.

Orval aliyajua masharti hayo kuliko alivyoijua sala ya Baba Yetu, kwa sababu alishiriki kuyatunga.

Maisha yake yote aliendesha greda la wilaya. Alikuwa mtu wa kusawazisha njia. Hakuweza kupita dimbwi bila kusimama na kulichimbia mfereji kwa kisigino, hata akiwa amevaa suti ya kwenda kanisani. Hakupiga kelele, hakulewa, na hakununua kitu kipya kama cha zamani kinafungika kwa waya. Alikunywa kahawa nzito hata kijiko kinasimama. Nilipokuwa na uchungu wa Wade, alinipeleka hospitali kwa mwendo ule ule ulioandikwa barabarani, nami nikimtukana maili zote arobaini.

Zile pikipiki zilipozidi, watu walianza kukatiza katikati ya tindiga, ile ardhi ya majimaji ng'ambo ya kijito, wakiburuta nyama. Michirizi ya matairi ikawa mitaro, maji yakatoroka, majani yakakauka, na wapiti wakaacha kuzalia pale. Ofisi ya misitu ikaitisha mkutano ukumbini shuleni ili watu watoe maoni. Orval alikuwa hajawahi kusema mbele za watu, lakini siku ile alisimama na karatasi, akapendekeza zile saa, ule umbali na kile kijito.

Gus Petrak, ambaye huchinja na kuwakatia watu nyama zao, aliinuka nyuma. "Orval, wewe si ndiye uliyelipwa miaka thelathini kutuchongea barabara? Leo unataka tutembee?"

"Nilizichonga ili mpite barabarani, Gus. Sikuchonga mpite popote."

Watu walicheka, na sheria ikapita. Tangu siku ile wakamwita Saa Nne. Akiingia mgahawani asubuhi walipaza sauti, "Saa Nne huyo! Bado mapema, nenda ukalale!" Yeye aliinua kikombe tu. Nadhani jina lile alilipenda.

Halafu likaja jambo la Wade. Imepita miaka minne sasa.

Wade alipiga wapiti dume ng'ambo ya kijito, jioni yenye joto lisilo la kawaida. Nyama kwenye joto kama lile inaharibika usiku mmoja, kuanzia kwenye mfupa. Alirudi usiku, nyama ikiwa safi, tukala maini, tukafurahi. Asubuhi nilitoka kuwapa kuku maganda. Pikipiki ilikuwa bandani. Mimi macho na masikio yangu hayatulii, mtoto akikohoa nyumba ya pili nasikia. Niliona matope meusi kwenye matairi, yenye utando wa kijani. Matope ya barabara yetu ni mekundu. Meusi yako tindigani tu.

Nikaingia ndani nikamwambia Orval, "Wade kapita wapi na pikipiki? Ina matope meusi. Angepinduka majini usiku ule, nani angejua?"

Nilikuwa natoa wasiwasi wangu, basi. Orval aliweka kikombe chini, akaenda bandani. Aliporudi, Wade alikuwa ameketi anakula mayai.

"Umevuka kijito?"

"Nimevuka, Mzee. Nyama ingeoza."

"Ungeitundika mtini ukanipigia. Ningekuja tukabeba."

"Ungekuja saa ngapi? Saa nne?"

Orval alikwenda kwenye simu ya ukutani, akaipigia ofisi ya misitu, nikamsikia akitaja jina la mtoto wetu kamili, na tarehe, na mahali. "Ndiyo, ni mwanangu," alisema. "Wewe andika tu."

Wade alinyang'anywa kibali cha kuwinda kwa misimu miwili. Hakugombana na mtu. Alichukua bunduki yake, akatungua na fremu yake ya kubebea nyama kwenye msumari bandani, akaondoka. Alipanga nyumba upande wa pili wa mji, mwendo wa dakika ishirini, na kwetu hakukanyaga tena. Mimi nilikwenda kwake mara kwa mara na mikate. Hakuniuliza habari za baba yake, wala mimi sikumwambia nani aliyaona matairi kwanza. Aliamini baba yake alikwenda kumchunguza. Nilimwacha aamini hivyo miaka minne, kwa sababu nilikuwa na mwana ambaye bado ananifungulia mlango, na niliogopa.

Zamani walibeba wawili, baba na mwana. Kila mmoja paja moja, kisha kila mmoja mkono mmoja, yaani mguu wa mbele wa mnyama, safari mbili wakawa wamemaliza. Mapaja ndiyo huanza, wakati nguvu bado zipo, na paja la wapiti ni zito kama mtoto wa miaka kumi na miwili. Mtu mmoja lazima aende mara nne.

Saa tatu kasorobo nilipiga simu polisi, kwa sherifu. Halafu nikampigia Wade.

"Wade, ni mimi. Baba hajarudi."

Nilisikia televisheni, kisha ikazimwa. "Yuko wapi?"

"Juu ya tindiga, ng'ambo. Anabeba peke yake."

"Na pikipiki?"

"Itakuwa getini. Saa nane ilikuwa imeshapita."

Alicheka kicheko kikavu. "Saa Nne na saa zake! Basi mpigie bwana misitu, Mama. Namba si mnayo?"

Sikujua nilichokuwa naenda kusema mpaka nilipokisikia. "Wade, si baba yako aliyeyaona matairi. Ni mimi niliyeona, mimi nikamwambia. Yeye asingeangalia."

Nilisikia pumzi yake, kisha simu ikakatika. Nilipiga tena, ikaita mpaka ikachoka.

Nikakaa. Niliosha sufuria iliyokuwa safi. Barafu ilianza kuota kwenye kona za kioo, nikawa naikwangua kwa ukucha nipate kuona barabara. Nilijiambia nimepoteza wawili kwa usiku mmoja, kisha nikajikemea kwa kutanguliza msiba.

Lazima niseme jambo moja kuhusu mlango wetu. Mlango wa jikoni haufungwi kwa ufunguo, na mtu wa nyumbani haugongi. Anausukuma tu na kuingia na viatu vyake vichafu, nami namfokea. Anayegonga ni mgeni.

Kulipopambazuka, uligongwa.

Alikuwa naibu wa sherifu, binti aitwaye Janelle Roark. Nilimfahamu tangu akiwa mdogo. Alivua kofia kabla sijafungua vizuri.

"Mama, naomba tukae."

"Sema nikiwa nimesimama."

"Tumempata. Alikuwa ameketi kando ya kijito, upande wa huku, ameegemea jiwe. Mzigo ulikuwa bado mgongoni. Nadhani alikuwa anapumzika tu, mama. Hakuonekana kama mtu aliyehangaika."

"Mzigo wa ngapi?"

Aliniangalia kama ninayeweweseka kwa homa.

"Mapaja mawili tumeyakuta getini," akasema polepole, "yamefunikwa vizuri juu ya pikipiki. Mgongoni alikuwa na mkono mmoja."

Basi ulikuwa wa tatu. Alikuwa ameshavuka kijito. Kutoka pale mpaka getini ni nusu maili, ile nusu ambayo magurudumu yanaruhusiwa, na pikipiki ilikuwa imekaa getini na tangi limejaa.

"Ninyi mliingia na nini?" nikamwuliza.

"Na magurudumu, mama. Kwa mtu aliyepotea tunaingia saa yoyote, popote. Ile sheria ni ya nyama, haijawahi kuwa ya watu. Angehisi vibaya akaiendea pikipiki, nani angemshitaki?"

Angejishitaki mwenyewe. Lakini hilo sikulisema. Nilimimina kahawa, ikamwagika, Janelle akachukua kitambaa akafuta yeye.

"Kuna kitu kingine," akasema. "Si sisi tuliompata. Tulipofika, Wade alikuwa amekaa naye. Alikuwa amemfunika kwa koti lake. Alipanda kwa miguu usiku, peke yake na tochi. Tukamwambia aje nasi kwenye gari, akakataa. Alisema kuna mkono umebaki mtini."

"Alisema nini kingine?"

"Aliuliza kama wewe umeshaambiwa. Nikasema bado. Akasema nije mimi."

Nilimshukuru, nikamwambia aende akalale. Nyama haiachwi mlimani. Hilo kwetu halihitaji karatasi ya ofisi. Mtu akiiacha, hata watoto wake watanyooshewa kidole. Kwa hiyo nilijua Wade angeushusha ule mzigo wa nne. Ambacho sikujua ni kama angeuleta nyumbani au angeufikisha kwa Gus Petrak na kwenda zake. Amerithi kila kitu kwa baba yake, pamoja na ile simu ya ukutani. Jambo lililo sawa atalitenda, liwe na uchungu gani, na baada ya hapo humwoni.

Nilirudi dirishani. Saa nne ilifika, ikapita. Nilisikia pikipiki za watu zikiunguruma kwa mbali, zikiingia msituni kufuata nyama zao kwa wakati wake. Nilizigeuza ndara za Orval zielekee ukutani, kisha nikazirudisha zilivyokuwa.

Ilipokaribia saa sita, pikapu ya Wade ilikata kona, ikaingia uani.

Hakuangalia dirishani. Alishusha mfuko mweupe, akauingiza bandani, nikasikia mnyororo ukipanda kwenye boriti. Halafu akarudi garini, akatoa mapaja yale mawili, moja moja, na ule mkono uliokuwa mgongoni mwa baba yake. Alivibeba kwa kukumbatia. Alipomaliza alinawa kwenye bomba la nje, maji ya barafu, mpaka juu ya viwiko, kama alivyofundishwa. Bandani kuna ule msumari wa fremu yake. Hakuitundika. Aliishika mkononi, akaja nayo mpaka ngazini.

Nilikaa kitini, mikono mapajani. Nilijizuia nisiinuke. Nilitaka asukume mlango mwenyewe, aingie na matope yake meusi, nimfokee.

Viatu vilipanda ngazi tatu. Vikasimama. Nilimsikia akipumua upande wa pili wa ubao, muda mrefu, kama kwenye simu.

Kisha akagonga. Mara mbili, taratibu.

Nikainuka, nikaenda kumfungulia.