Mstari Ulioandikwa Bamvua

Zama zile za ruksa, serikali ilipofungua milango ya biashara binafsi, kila mwenye cheti alitaka kuwa na ofisi yake. Bosi wangu, msanifu majengo wa Kimeru, naye akaacha kazi serikalini akafungua ya kwake Kijenge, huku bara. Mimi nilikuwa mchoraji wake. Haukupita muda tukapata kazi kubwa: kituo cha utafiti wa viumbe wa baharini, huko pwani. Walitaka jengo lisilohitaji viyoyozi, madirisha yaingize upepo, paa livune maji ya mvua, na mikoko isiguswe. Tulikubali kwa mbwembwe, na bahari yenyewe hatuijui.

Tuliletewa ramani ya kiwanja. Sambamba na ufuko ulipita mstari wa nukta ulioandikwa "Bamvua".

"Huyu Bamvua ni jirani," bosi akasema. "Jengo tulisogeze huku kwenye maji. Mipaka ya watu tusiichezee."

Nani angembishia? Kwao mlimani ukivuka masale yanayotenga shamba lako na la mwenzako, kesi wanairithi wajukuu. Kwetu Marangu ni hivyohivyo.

Ujenzi akapewa mume wangu. Akaenda na mafundi kuchimba msingi. Kuogelea hajui, na sikuwahi kuona sababu ya yeye kujua.

Mchana mmoja akapiga simu mtafiti aliyetuagiza kazi, yuko Dar es Salaam. Aliuliza kama uchimbaji umeanza, kisha akasema kwa utulivu kabisa, "Vizuri. Leo alasiri kuna bamvua, wataliona wenyewe."

"Bamvua ni nani?"

Akacheka. "Si mtu, dada. Ni maji makubwa ya mwezi mpevu. Yanapanda mpaka kwenye ule mstari."

Mume wangu alikuwa ndani ya shimo, upande wa chini wa mstari huo.

Simu ya karibu na kiwanja ilikuwa kwenye nyumba moja ya wageni. Nilipiga, haikwenda. Nikapiga tena na tena. Bosi amesimama kando yangu, kofia mkononi, anarudia tu, "Jaribu tena, mama." Nilimchukia siku ile. Niliogopa hata nikaanza kupanga nitawaambiaje watoto, halafu nikajichukia na mimi kwa kupanga. Hatimaye akapokea mwanamke mmoja, akasema atamtuma mtu kwa baiskeli, laini ikakatika. Tukabaki kungoja.

Jua linazama, simu ikaita.

"Tupo wote," mume wangu akasema. "Maji yalianza kuchuruzika msingini, nikadhani mvua imenyesha bara. Nikasimama natazama juu, nione yanashukia wapi. Kule kukavu kabisa. Kumbe yananijia mgongoni, mama. Fundi mmoja ndiye aliyenivuta kwa kamba."

Hata mimi, mtu wa mlimani, ningetazama hukohuko juu.